Shahada ya uhandisi Uingereza: chuo kikuu moja kwa moja, au uanagenzi wa kazini?

Mtoto anamaliza A-level hapa England, hesabu na fizikia zimemkaa vizuri, na anasema anataka kuwa mhandisi. Kwa wazazi wengi tuliotoka Tanga, Mombasa, Unguja au Bujumbura, hatua inayofuata ni moja tu: chuo kikuu. Ataomba, atakubaliwa, atachukua mkopo, atahama nyumbani. Lakini tangu 2015 ipo njia ya pili inayofika kwenye shahada hiyohiyo. Kampuni inamwajiri akiwa na miaka kumi na minane, inamlipa mshahara tangu mwezi wa kwanza, inampeleka chuo kikuu ndani ya saa za kazi, na ada yote inabebwa na mwajiri pamoja na serikali. Njia hiyo ni uanagenzi wa shahada.

Nimefanya kazi na wahandisi waliopitia njia zote mbili, na msimamo wangu nauweka wazi mapema. Kijana ambaye ameshajua kwamba uhandisi ndio anaoutaka, na anayeweza kuamka alfajiri bila kuamshwa na mama yake, ninamshauri aanze kutafuta uanagenzi kabla ya kufikiria kitu kingine. Hata hivyo, wapo vijana wazuri kabisa ambao njia hiyo ingewatesa, na kuwasukumia huko kwa sababu tu haina ada ni kuwaonea. Nitaeleza ni akina nani.

Fedha zinatoka wapi

Wazazi wengi wakisikia kwamba kampuni italipa ada yote, wanahisi kuna mtego. Hakuna mtego, na ni vizuri kuelewa mfumo wenyewe. Tangu Aprili 2017, mwajiri yeyote Uingereza ambaye jumla ya mishahara anayolipa inazidi pauni milioni 3 kwa mwaka hutozwa asilimia 0.5 ya jumla hiyo kwa ajili ya uanagenzi, baada ya kupunguziwa kiasi fulani. Kwa England, fedha hizo hukaa kwenye akaunti maalumu ambayo mwajiri anaweza kuitumia kufundishia wanagenzi. Asipofundisha, fedha hizo zinampita. Kwa uanagenzi wa shahada za uhandisi, kiwango cha juu kinachoweza kutoka kwenye mfuko huo ni pauni 27,000 kwa mwanagenzi mmoja, katika muda wote wa mafunzo.

Kwa hiyo kampuni haimfanyii mtoto wako hisani. Inatumia fedha ambazo imeshatozwa, na inajijengea mhandisi anayejua mashine zake, michoro yake na watu wake. Kanuni za ufadhili pia zinakataza mwanagenzi kudaiwa gharama za mafunzo. Akiondoka katikati, kampuni haina haki ya kumwambia arudishe ada. Ukikuta mkataba wenye kifungu cha namna hiyo, uliza kabla ya mtoto kutia saini.

Haya ninayoyaeleza ni ya England. Scotland wana mpango wao, na kwa mtoto aliyekulia huko hesabu yote ya ada inabadilika, kwa sababu wanafunzi wa Scotland wanaosoma shahada ya kwanza huko hulipiwa ada na serikali yao. Wales nao wana utaratibu wao.

Mshahara upande huu, mkopo upande ule

Tuweke namba mezani. Mwaka wa masomo 2025/26 ada ya juu ya chuo kikuu England ilikuwa pauni 9,535. Kwa kiwango hicho shahada ya miaka mitatu ni pauni 28,605, na ile ya MEng (shahada ya uhandisi inayofika kiwango cha uzamili) ya miaka minne ni pauni 38,140. Hiyo ni ada peke yake. Juu yake kuna mkopo wa kujikimu, ambao ukubwa wake hutegemea kipato cha wazazi na mahali mtoto anapoishi. Familia yenye kipato kidogo hupewa mkopo mkubwa zaidi wa kujikimu, maana yake mtoto wa maskini ndiye anayemaliza chuo na deni kubwa kuliko mwenzake.

Deni hilo, kwa walioanza chuo Agosti 2023 au baadaye, halidaiwi kama deni la benki. Anaanza kukatwa pale mshahara unapozidi pauni 25,000 kwa mwaka, na hukatwa asilimia 9 ya kile kinachozidi. Akilipwa pauni 35,000, anakatwa pauni 900 kwa mwaka, yaani 75 kwa mwezi. Baada ya miaka 40 kilichobaki hufutwa. Riba yake hufuata mfumuko wa bei. Kwa wengi makato haya hayavunji mgongo, lakini miaka 40 ni umri mzima wa kazi.

Mwanagenzi anaanzia upande mwingine. Kima cha chini cha sheria kwa mwanagenzi kilichoanza Aprili 2025 kilikuwa pauni 7.55 kwa saa, na hupandishwa kila Aprili. Kwa wiki ya saa 37 hiyo ni takribani pauni 14,500 kwa mwaka. Kiwango hicho kinamhusu aliye chini ya miaka 19 au aliye katika mwaka wake wa kwanza. Akivuka hapo, anastahili kima cha chini cha umri wake, ambacho kuanzia Aprili 2025 kilikuwa pauni 10 kwa wa miaka 18 hadi 20, na pauni 12.21 kwa aliyefikisha 21. Kampuni kubwa za uhandisi kwa kawaida hulipa zaidi ya sheria inavyodai, na huongeza kila mwaka anaovuka. Anawekewa pensheni akifika umri wake, ana likizo ya malipo, na akiugua ni mfanyakazi mgonjwa mwenye haki zake.

Sasa niseme jambo ambalo vipeperushi vya shule haviligusi, nalo kwenye nyumba nyingi za Waswahili ndilo zito kuliko yote: riba.

Familia nyingi za Kiislamu hapa zimekwama hapohapo. Wapo waliolipa ada kutoka mfukoni kwa kuuza kiwanja nyumbani. Wapo vijana walioahirisha chuo mwaka mmoja, wa pili, mpaka hamu ikakatika. Wapo waliochukua mkopo na bado unawauma moyoni. Bunge lilipitisha sheria mwaka 2017 inayoiruhusu serikali kuanzisha ufadhili usio na riba kwa wanafunzi, na mpaka sasa ufadhili huo haujaanza. Masheikh wametofautiana juu ya mkopo wa chuo, wengine wakiangalia dharura na wengine wakiukataa kabisa, na mimi si mtu wa kutoa fatwa. Ninachokijua ni kwamba uanagenzi wa shahada unaliondoa swali zima. Hakuna mkopo wa ada, kwa hiyo hakuna riba ya kuijadili. Kwa familia ya namna hiyo, naona ni wajibu wa mzazi kumfungulia mtoto ukurasa wa nafasi za uanagenzi mapema, mwaka wa kwanza wa A-level, kabla walimu hawajamzoesha kwamba chuo kikuu ndiyo njia pekee.

Kuna dogo la kuangalia kwa mzazi anayeishi peke yake na watoto. Mzazi wa namna hiyo hupunguziwa asilimia 25 ya kodi ya halmashauri. Mtoto wake mwenye miaka 18 akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu wa muda wote, hahesabiwi, na punguzo linabaki. Akiwa mwanagenzi anayelipwa zaidi ya pauni 195 kwa wiki, anahesabiwa kama mtu mzima wa kawaida, na punguzo linaondoka. Mshahara wake unaifunika hasara hiyo mara nyingi, ila ni bora mkae mkubaliane nani atalipa nini, barua ya halmashauri isije ikawa ndiyo inayoanzisha mazungumzo.

Wiki ya mmoja na wiki ya mwingine

Hapa ndipo tofauti inapoonekana, na hapa ndipo vijana wanapoamua vibaya, kwa sababu wanalinganisha vyeti badala ya kulinganisha Jumanne na Jumanne.

Mwanafunzi wa uhandisi chuo kikuu ana ratiba iliyojaa kuliko wenzake wa masomo mengine: mihadhara ya hesabu, mekanika na umeme, vipindi vya maabara, mazoezi ya kukabidhi kila wiki. Lakini saa nyingi ni zake. Akitaka kusoma usiku na kulala asubuhi, ni hiari yake. Jumatano mchana vyuo vingi huachia michezo. Mitihani ikiisha mwezi Juni, ana mapumziko mpaka mwishoni mwa Septemba. Anaweza kwenda Mombasa miezi miwili, akamuuguza bibi, akahudhuria harusi tatu, na akarudi bila kumwomba mtu ruhusa.

Mwanagenzi anaamka saa kumi na moja na nusu alfajiri, maana viwanda vingi huanza kazi saa moja au moja na nusu. Mwaka wa kwanza, kampuni nyingi za uzalishaji humweka kwenye karakana ya mafunzo. Anapiga tupa mpaka kipande kikae kwenye kipimo, anakereza, anachomelea, anaunganisha nyaya, anajifunza kushika maikromita na kusoma mchoro bila kukisia. Baadaye huzungushwa idarani: miezi kadhaa kwenye usanifu, miezi kadhaa kwenye uzalishaji, kisha upimaji, kisha ubora. Chuo kikuu huja kwa mitindo miwili. Mmoja ni siku moja kila wiki, tuseme kila Alhamisi. Mwingine ni wiki nzima kadhaa mfululizo, kisha anarudi kazini. Ninaupendelea ule wa wiki mfululizo, kwa sababu akili inapata nafasi ya kuzama. Siku moja kwa wiki humfanya kijana atumie asubuhi nzima kukumbuka walipoishia.

Muda wa mafunzo lazima uwe ndani ya saa zinazolipwa. Hiyo ni kanuni, na mwajiri hawezi kumwambia akasome Jumapili tu. Ila kazi za chuo hazifanyiki zote ndani ya muda huo, na anayemwambia mtoto vinginevyo anamdanganya. Jioni tatu au nne kwa wiki huenda kwenye vitabu, na wiki za kabla ya mitihani huenda Jumamosi na Jumapili pia, huku Jumatatu asubuhi msimamizi akimngoja kwenye zamu kama kawaida. Likizo yake kwa sheria ni siku 28 kwa mwaka, na sikukuu za serikali zinaweza kuhesabiwa ndani ya hizo 28. Viwanda vingine hufunga wiki ya Krismasi na wiki moja au mbili za kiangazi na kuzikata humohumo. Idi mbili atazitoa kwenye siku hizo. Safari ya nyumbani ya mwezi mzima inakuwa ni ya kuombwa mwaka mmoja kabla. Msiba ukitokea, atapata siku chache.

Mwaka wa kwanza wengi huuvuka kwa furaha. Kuna sare mpya, mshahara wa kwanza, mashine kubwa ambazo wenzao wanaziona kwenye picha tu. Mwaka wa pili ndio unaobana. Upya umeisha, hesabu zimefika kwenye milinganyo ya diferensia na thamodinamiki, na kazini ameshaanza kupewa majukumu ambayo wengine wanayategemea. Wakati huohuo, rafiki zake wa shule wanatuma picha za maisha ya chuo. Nyumba isipomwelewa mwaka huo, ikamwita kila wikendi kusaidia dukani au kumsindikiza shangazi hospitali, ataanguka kwenye kimojawapo. Mzazi anayechagua njia hii amsaidie mtoto kwa kumpunguzia shughuli za nyumbani mwaka wa pili na wa tatu.

Na njia ni ndefu. Uanagenzi wa shahada ya uhandisi huchukua miaka minne mpaka sita, na baadhi ya kampuni humpitisha kwanza kwenye HNC, cheti kilicho chini ya shahada, kwa miaka miwili kabla ya kumpeleka shahada. Mwenzake wa BEng, shahada ya kwanza ya uhandisi, amemaliza miaka mitatu. Ukweli wa pili ni kwamba siku anapomaliza, mwanagenzi ana miaka minne au mitano ya kazi halisi, na mwenzake anaandika barua yake ya kwanza ya maombi.

Anachojifunza kila mmoja

Shahada ni ileile ya heshima, ya chuo kikuu kilekile, joho lilelile. Cheti hakimsemi mtu kwamba alisoma akiwa kazini. Warwick, Sheffield, Aston na vyuo vingine vyenye jina kwenye uhandisi vinafundisha wanagenzi wa shahada. Kwa hiyo ile hofu ya jamaa kwamba mtoto ameenda kusomea ufundi badala ya kwenda chuo haina msingi, na inaumiza, kwa sababu watoto wanaisikia. Nimemwona kijana aliyekuwa akiwaambia jamaa wa baba yake kwamba yuko chuo kikuu tu, bila kutaja kampuni iliyomwajiri, wakati nafasi hiyo aliipata kwa kuwapita waombaji wengi mno.

Namna ya kuelewa ndiyo inayotofautiana. Chukua jambo moja ambalo kila mhandisi wa mitambo hufundishwa: kona kali kwenye kipande cha metali hukusanya mkazo, na ufa huanzia hapo. Chuoni utapewa mlinganyo, utachora grafu, na utaelezwa habari za ndege za abiria za Comet zilizovunjika angani mwaka 1954 kwa uchovu wa metali ulioanzia kwenye kona za matundu ya kiwiliwili chake. Mwanagenzi anasoma hayohayo siku ya Alhamisi, na Ijumaa anashuhudia mkaguzi akikataa kipande cha maelfu ya pauni kwa sababu aliyekikereza hakuizungusha kona kwa kiasi kilichochorwa. Hatausahau mlinganyo ule. Anajua pia ni nani wa kumuuliza, na anajua kwamba mkereza wa miaka thelathini kazini huona kosa kwenye mchoro kabla ya kompyuta kuliona. Wahandisi waliotoka chuoni moja kwa moja hujifunza adabu hiyo baadaye, na wengine haiwafikii kabisa.

Chuo kikuu nacho kina vyake, na si vidogo. Kuna upana. Mwanafunzi anaweza kuingia akitaka magari, akakutana na somo la udhibiti wa mifumo au la mitambo ya upepo, na akageuka mwaka wa tatu. Mwanagenzi anasoma kile ambacho mwajiri wake anakihitaji. Kuna kina cha nadharia, maana mwanafunzi ana muda wa kukaa na tatizo moja siku nne. Kuna mashindano kama Formula Student, ambapo timu za vyuo husanifu na kuunda gari la mbio na kulipeleka Silverstone. Kuna mwaka wa kusoma nchi nyingine. Na kuna utafiti: anayewaza shahada ya uzamivu, au kuja kufundisha uhandisi Dar es Salaam au Nairobi, chuo kikuu ndiyo njia yake.

Upo pia upande wa usajili wa kitaaluma. Engineering Council, chombo kinachosimamia usajili wa wahandisi Uingereza, ina daraja la IEng na lile la juu zaidi, CEng. Shahada ya MEng yenye ithibati hutimiza moja kwa moja elimu inayotakiwa kwa CEng. Shahada nyingi za uanagenzi ni BEng, na mwenye BEng anayetaka CEng atahitaji kuongeza masomo au kuonyesha kwamba amefikia kiwango hicho kwa njia nyingine. Uzoefu wa kazi, ambao mhitimu wa chuo bado anautafuta, mwanagenzi anao tayari. Uliza shahada ina ithibati ya daraja gani. Swali hilo lina uzito zaidi kwa anayefikiria kurudi nyumbani, kwa sababu Tanzania shahada ya nje hupelekwa Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) kutambuliwa, kisha Bodi ya Usajili wa Wahandisi (ERB) huangalia ulichosoma kabla ya kukusajili.

Nani asiende uanagenzi

Anayesema anataka uhandisi kwa sababu mwalimu wa hesabu alimwambia ana akili. Huyo aende chuo, achague kozi yenye mwaka wa kwanza wa uhandisi wa jumla, na ajitafute humo.

Anayevunjika akiwa na mambo mawili kwa pamoja. Wapo watoto wenye akili nyingi ambao wanahitaji jambo moja mbele yao na utulivu. Uanagenzi utawafanya waonekane wavivu, na si wavivu.

Anayetaka kufika mbali kwenye nadharia, nilishamtaja.

Na wapo ambao sheria yenyewe inawafungia. Mwanagenzi ni mfanyakazi, kwa hiyo lazima awe na haki ya kufanya kazi England, na kwa wengi wasio raia kanuni zinadai awe ameishi hapa kihalali miaka mitatu kabla ya kuanza. Aliyepewa hadhi ya ukimbizi haombwi miaka hiyo mitatu, na hili familia nyingi kutoka Kongo na Burundi hawalijui. Aliyekuja kwa visa ya mwanafunzi hawezi. Kwa hiyo mpwa aliyeko Arusha ambaye unataka umlete kwa njia hii, njia hii haimhusu. Kampuni za ulinzi zinaongeza ukaguzi wa usalama, ambao huangalia umeishi Uingereza miaka mingapi na wakati mwingine uraia wako.

Kisha kuna mahali. Familia zetu ziko London, Leicester, Birmingham, Coventry. Injini za ndege za Rolls-Royce ziko Derby, mabawa ya Airbus yako Filton karibu na Bristol na Broughton kule Wales, nyambizi za BAE Systems zinaundwa Barrow-in-Furness, mji mdogo kaskazini ambako kijana wa Kiswahili anaweza kukaa mwezi bila kusikia lugha yake. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa chuo kikuu kwa kawaida ana bweni na wenzake wa rika lake. Mwanagenzi wa miaka kumi na minane anapanga chumba kwa mtu asiyemjua. Wazazi wa mabinti huuliza hili kabla ya yote, na wana haki. Wanaotaka mtoto alale nyumbani waangalie Transport for London, Network Rail, na ofisi za wahandisi washauri wa majengo na madaraja. Kwa kijana wa London nafasi hizo zinafaa sana, na hazina foleni ya umaarufu kama ya magari na ndege.

Njia ya kati

Kwa anayesita, kuna shahada yenye mwaka mmoja wa kazi katikati. Anasoma miaka miwili, mwaka wa tatu anafanya kazi kwenye kampuni kwa mshahara, kisha anarudi kumaliza. Ada ya mwaka huo wa kazi haizidi takribani asilimia 20 ya ada ya kawaida; kwa 2025/26 kikomo kilikuwa pauni 1,905. Riba haiepukiki kwa anayechukua mkopo, na nafasi ya kazi anaitafuta mwenyewe kwa msaada wa chuo. Hata hivyo, nikimwona kijana aliyeomba uanagenzi akakosa, hapa ndipo ninapomwelekeza kwanza, kabla ya BEng ya miaka mitatu mfululizo.

Kabla ya kutia saini

Kwenye chuo kikuu unachagua chuo. Kwenye uanagenzi unachagua mwajiri, na chuo kinakuja nyuma yake. Kampuni mbili zinazotangaza nafasi ya jina moja zinaweza kumpa mtoto maisha tofauti kabisa. Kwenye usaili mwombaji hupewa nafasi ya kuuliza, na namshauri aitumie hivi: wanagenzi walioanza miaka minne iliyopita wangapi bado wapo? Masomo ni siku moja kwa wiki au kwa wiki mfululizo? Wakati wa mitihani kazi inapunguzwa? Msimamizi wangu wa kazini ni nani, na ana wanagenzi wangapi? Nikimaliza, nafasi ya kazi ipo kwenye mkataba au ni ahadi ya mdomo? Kampuni nzuri hujibu maswali haya kwa raha, na mara nyingi humwita mwanagenzi wa mwaka wa tatu aje ajibu mwenyewe. Anayejibu kwa kuzungukazunguka ameshajibu.

Aulize pia kampuni ikipunguza wafanyakazi itakuwaje. Kwa kanuni za England, mwanagenzi aliyepunguzwa kazi akiwa amebakiza miezi sita au chini, au amevuka robo tatu ya mafunzo, anaweza kufadhiliwa mpaka amalize. Aliye mapema zaidi hupewa wiki 12 za kutafuta mwajiri mwingine huku masomo yakiendelea. Mwanafunzi wa chuo kikuu hana hofu ya namna hii, na ni haki kulitaja hilo upande wake.

Kuhusu kalenda, njia hizi mbili hazigongani, na kijana aombe zote. Maombi ya chuo kikuu hupitia UCAS, mfumo wa pamoja wa maombi, na kwa kozi nyingi tarehe ya mwisho ni Januari. Kampuni kubwa hufungua nafasi zao kuanzia Septemba, nyingine hufunga kabla ya Krismasi, nyingine huendelea mpaka Machi, na wapo wanaofunga mapema mara tu waombaji wakitosha. Kwa hiyo wasifu na barua vianze kuandikwa likizo ya kiangazi kati ya miaka miwili ya A-level. Majaribio ya mtandaoni ya hesabu na mantiki huchuja wengi kabla ya usaili, na hayo hufanyiwa mazoezi. Barua isiseme amependa magari tangu utotoni. Iseme alifungua nini, alitengeneza nini, kilishindikana wapi: baiskeli, jenereta ya babu kule Pemba, programu ndogo ya kuwasha taa. Nafasi ya chuo akiipata aishike. Jibu la kampuni likija Aprili au Mei, anaweza kujitoa UCAS bila adhabu yoyote, na kama alishaomba mkopo, anaufuta kabla haujalipwa.